Ndege Wasio na Miguu

Kwa miaka ishirini na minne Vlasta Pešková alikuwa akipita mbele ya geti la kasri la Bralovice huku kaangalia upande wa pili wa barabara. Upande wa pili hapakuwa na kitu cha kutazama ila ukuta wa ghala la nafaka na tangazo la mbolea, lakini aliutazama huo huo. Watu wa kijijini walisema Vlasta ana kinyongo na jengo, na hawakukosea sana.

Jengo hilo alilifanyia kazi miaka thelathini. Aliingia mwaka 1964, msichana wa miaka ishirini, akapewa chumba cha kufulia. Wakati ule wenye kasri hawakuwapo. Ukoo wa Kestenrod ulikuwa umefukuzwa nchini, kila mtu na sanduku moja mkononi, na serikali ikavijaza vyumba vyao wanawake ambao hakuna aliyewataka: waliozaliwa na akili nzito, waliopooza, wasiosema, walioangua kilio kila mlango ulipofungwa. Walikuwa themanini na wanne. Walihudumiwa na masista sita walionyang'anywa shule yao mjini na kuletwa huku mashambani, mpishi mmoja, mchochea matanuri mmoja, na Vlasta na mashuka yake. Mchochea matanuri aliitwa Bohumil Pešek. Miaka miwili baadaye alimwoa Vlasta.

Mwaka 1993 ilikuja barua kwamba kasri limerudishwa kwa wenyewe. Nyumba ya wanawake ikapewa mwaka mmoja kuhama. Ilipofika Juni ya mwaka uliofuata mabasi matatu yalisimama uani, na wanawake waliokuwa wamelala kitanda kwa kitanda tangu utoto wakagawanywa kama viazi: hawa kaskazini, hawa mpakani, hawa kusikojulikana. Vlasta aliwapandisha mmoja mmoja. Alipomaliza alirudisha funguo za chumba cha kufulia, akaenda nyumbani, akakaa siku tatu bila kusema na Bohumil, ambaye hakuwa amekosa lolote.

Wenye kasri walilitengeneza upya kwa miaka mingi, na mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Septemba, waliwafungulia watu wote. Bendi ilipiga uani, bia ilimiminwa, na kijiji kizima kilipanda kilima. Vlasta alikuwa na sababu kila mwaka. Mara mguu, mara nyuki, mara kutengeneza jamu.

"Wifi, mwaka huu tunakwenda wote," alisema Jarmila, dada wa Bohumil, akiwa amejikalia jikoni kwa Vlasta bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Bohumil alikuwa amefariki miaka saba iliyopita, na tangu hapo Jarmila alijipa kazi ya kumtoa wifi yake nje. "Ni bure. Na sisi ndio tuliolisugua jengo lile."

"Mimi ndiye niliyelisugua. Wewe ulikuwa unauza soseji stesheni."

"Basi twende ukaangalie kama wanalisugua vizuri."

Vlasta aliendelea kumenya viazi. Lakini Jumamosi ilipofika Jarmila alimkuta amekwisha kuvaa koti lake la kijivu, amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mlangoni walipewa malapa makubwa ya sufi ya kuvaa juu ya viatu ili sakafu isikwaruzwe.

"Umeona ujanja," alisema Jarmila akiburuta miguu. "Tunawapigia deki bure."

Wageni kama thelathini walikusanywa chini ya ngazi, na kiongozi wa msafara akashuka kuwapokea. Alikuwa mwalimu Řehoř Pacák, mstaafu wa shule ya kijiji, amevaa tai ya kipepeo na kushika fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Binti wa Vlasta alisomeshwa naye. Nusu ya waliokuwapo pale walisomeshwa naye, na walipomwona walinyamaza wenyewe, kwa mazoea.

"Mabibi na mabwana, karibuni nyumbani kwa ukoo mtukufu wa Kestenrod," alisema. "Mia tatu na hamsini ya miaka ya ustaarabu, kisha miaka arobaini ya giza, na sasa, shukrani kwa madamu Eleonora, nuru imerejea."

Jarmila alimwinamia wifi yake. "Si huyu aliyekuwa akisimama roshani ile kila Mei Mosi akiwaita wenye kasri makupe?"

"Ndiye."

"Sasa kupe amekuwa mtukufu."

Vlasta hakucheka. Alikuwa amekwisha kuinusa ngazi. Hainuki sabuni tena wala kabichi wala mkojo. Inanuka nta na maua ya dukani. Hilo alilitegemea. Asichokitegemea ni kwamba mkono wake ungeenda wenyewe kwenye ukuta wa kushoto, mahali palipokuwa na kamba ya kuwasaidia wanawake vipofu kupanda. Kamba haikuwapo. Hata matundu ya misumari yalikuwa yamezibwa.

Ukumbi mkubwa ulikuwa juu. Mwalimu Pacák aliwasimamisha mbele ya tanuri la vigae vya kijani na kuelekeza fimbo chini, penye doa jeusi la ukubwa wa sinia kwenye mbao.

"Hili madamu ameamuru lisiondolewe, liwe funzo," alisema. "Chumba hiki kilitumika kuhifadhi vichaa. Waliwasha moto juu ya sakafu ya mwaloni ya karne ya kumi na nane. Hakuna aliyewazuia, kwa maana watumishi wenyewe, mnajua, walikuwa watu wa namna gani wakati ule."

Watu wakatikisa vichwa. Mwanamke mmoja wa mjini, mwenye miwani ya jua kichwani, alisema, "Hebu fikiria," akapiga picha doa.

Vlasta alihisi masikio yanawaka moto. Alilijua doa lile kama anavyojua kovu la goti lake. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1979, baridi iliposhuka mchana mmoja hadi maji yakaganda kwenye ndoo, mabomba yakapasuka na umeme ukakatika. Waliwabeba wanawake wote themanini na wanne, pamoja na magodoro yao, wakawalaza ukumbini kando ya tanuri hilo, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa likifanya kazi. Bohumil alilichochea siku sita. Siku ya nne alisinzia amesimama, koleo likamponyoka, na makaa yakamwagika sakafuni. Aliyazoa kwa mikono. Katika nyumba nyingine za namna ile wilayani walikufa watu wiki hiyo. Bralovice hakufa hata mmoja.

"Mwambie," alinong'ona Jarmila. Alikuwa akiijua habari ile. Ndiye aliyemfunga kaka yake bendeji.

"Sitaki kuanzisha fujo."

"Mimi nitaianzisha."

"Nyamaza, Jarmila."

Akameza. Miaka yote alikuwa hodari wa kumeza. Alimeza yale ya mkurugenzi wa wilaya aliyekuja mara mbili kwa mwaka na leso puani. Alimeza yale ya mwalimu Pacák huyu huyu, aliyewavusha watoto wa shule barabara kila wanawake walipotembezwa, akiwaambia, "Msiwaangalie." Akayameza na ya doa, akaufuata msafara.

Chumba cha kulia chakula ndicho kilichokuwa cha mwisho. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyozungushiwa kamba nyekundu, sahani zimepangwa nusu yake tu, na ile nusu nyingine ikaachwa wazi ili kitambaa cha meza kionekane. Kilikuwa cha kitani cheupe, na pindo lake lote limetariziwa majani, matunda ya porini, na ndege. Ndege mamia, wa bluu na wa kahawia, wakubwa kwa wadogo, wanakimbizana kuizunguka meza.

Vlasta alisimama. Aliyekuwa nyuma yake akamgonga.

"Na hiki ndicho fahari ya nyumba hii," alisema mwalimu Pacák, akishusha sauti. "Kimetariziwa kwa mkono na Gräfin Sidonie, mwanamke wa cheo, bibi yake madamu, kati ya mwaka 1908 na 1912. Tazameni vizuri ndege hawa. Hawana miguu. Hata mmoja hana. Si kosa, mabibi na mabwana. Katika nembo za koo bora ndege asiye na miguu ni ishara ya mtu wa damu aali, asiyetua chini, asiyechafuka kwa udongo. Mwanamke yule alikuwa akituachia ujumbe."

"Jamani," alisema yule mwenye miwani.

"Mwongo," alisema Vlasta.

Hakupaza sauti. Lakini chumba kilikuwa kimya, na neno lilifika.

Mwalimu Pacák aligeuka taratibu, kama alivyokuwa akiwageukia watoto wa dawati la nyuma. "Samahani? Ah, Bibi Pešková. Umesemaje?"

"Nimesema ni uongo. Kitambaa hicho si cha bibi yeyote wa kasri. Kimetariziwa na Otilie."

"Otilie nani?"

"Otilie Vaňková. Mmoja wa vichaa wako."

Wengine walicheka kidogo, kwa aibu. Mwalimu naye alitabasamu. "Bibi Pešková alikuwa dobi hapa wakati wa giza," aliwaeleza wageni, kwa sauti ya upole iliyomwudhi Vlasta kuliko tusi. "Umri nao una mambo yake. Tuendelee."

Hapo ndipo alipokoma kumeza. Alivua lapa moja la sufi, akavua la pili, akayaweka kando ya ukuta kwa adabu, akanyanyua kamba nyekundu na kupita chini yake.

"Bibi Pešková, ni marufuku kugusa."

"Nguo hii nimeifua na kuipiga pasi kabla hujajua kufunga hiyo tai. Jarmila, shika sahani."

Jarmila, ambaye alikuwa akiingoja nafasi kama hiyo tangu asubuhi, aliingia chini ya kamba akanyanyua sahani mbili za kaure. Vlasta alikunja ncha ya kitambaa na kuipindua. Upande wa nyuma, pembeni kabisa, palikuwa na uzi mwekundu uliofifia: nambari 14, na chini yake herufi za jina la nyumba ya wanawake.

"Njoo usome, mwalimu. Ulikuwa ukiwachapa watoto wasiojua kusoma. Njoo usome wewe sasa."

Hakusogea. Akaja yule mwanamke mwenye miwani, akainama. "Kumi na nne," alisema. "Kweli ipo."

"Kila kitu cha nyumba hii kilikuwa na nambari, kisipotee kwenye kufua," alisema Vlasta. "Kila gauni, kila shuka, kila kitambaa cha pua. Nambari hizo nilizishona mimi. Kumi na nne ni Otilie. Aliletwa hapa ana miaka sita. Hakuwa anasema. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana hivi, haufunguki, kwa hiyo fremu ya kutarizia aliibana kwa magoti na kushona kwa mkono mmoja. Sista Benigna alimfundisha, akachukua miaka minne kushika sindano. Kitambaa hiki kimemchukua miaka tisa. Tisa, mwalimu. Ulikuwa ukipita chini ya dirisha lake kila siku unakwenda kununua bia."

"Na miguu?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma. "Mbona ndege hawana miguu?"

"Kiti chake kilikuwa dirishani ghorofa ya pili. Ndege aliwaona wakipita angani tu. Sista alimchorea miguu, akamwambia, Otilie, ndege wana miguu. Akakataa katakata. Akaonyesha kwa mkono, hivi, wanaruka. Alishona alichokiona. Huo ndio ujumbe wako wa damu aali."

Mwalimu Pacák alikuwa mwekundu hadi ndani ya kola. "Hili litapelekwa kwa madamu," alisema.

"Lipeleke. Na la doa lipeleke. Doa lile lilifanywa na mume wangu, na hakuwa kichaa. Alikuwa hajalala siku nne, akiwazuia watu wasife kwa baridi, nawe ulikuwa umejifungia nyumbani na jiko lako. Tena makaa tulikupa sisi. Bohumil alikuletea ndoo mbili kwa kigari cha theluji. Umesahau?"

Ilionekana wazi usoni mwa mwalimu kwamba hakuwa amesahau.

Madamu Eleonora alikuwa amekwisha kuitwa na mtu wa mlangoni. Aliingia kwa haraka, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na tatu, sweta la bustani, udongo kwenye kucha. Alikulia Austria, na Kicheki chake kilikuwa kizuri ila kigumu, kama viatu vipya. Aliangalia kitambaa kilichopinduliwa, akamwangalia Vlasta.

"Kuna nini?"

Vlasta alimwambia yote tena, kwa maneno machache zaidi, na hasira haikupungua kwa kurudiwa. Madamu Eleonora alisikiliza. Kisha aliinama akaigusa ile nambari kwa kidole.

"Nilikikuta darini, ndani ya sanduku la bibi yangu," alisema. "Majira ya baridi ya kwanza niliporudi. Nyumba haikuwa na madirisha, mafundi walikuwa wameyang'oa. Nilikaa nacho magotini nikalia. Niliambiwa hapajabaki kitu chetu, halafu nikakikuta hicho." Akanyooka. "Tulifukuzwa nikiwa na miaka mitatu, bibi. Na sanduku moja."

"Otilie aliletwa na miaka sita," alisema Vlasta. "Hakuwa na sanduku."

Jarmila, mwenye sahani mkononi, alimtazama wifi yake kwa wasiwasi. Lakini Vlasta alikuwa hajafika mwisho.

"Na alipoondolewa hakuondoka nacho. Nani alijua kimewekwa wapi siku ile. Kila mtu alikuwa akifungasha. Alisimama kwenye ngazi ya basi akifanya hivi na mkono, anashona hewani, anashona hewani, akinitazama mimi. Nikamwambia, panda, mpenzi, nitakutumia. Nilikuja getini kwako mara mbili. Mtu wako akaniambia vyote vilivyomo ni mali ya mwenye nyumba. Kabla sijaja mara ya tatu nikapata habari kwamba amekwisha kufa. Novemba. Miezi mitano tu huko walikompeleka."

"Mimi sikuambiwa kwamba ulikuja."

"Hukuuliza pia."

Madamu Eleonora alipauka. Uani bendi ilikuwa ikipiga polka, na ngoma kubwa ilisikika hadi kwenye vioo vya madirisha. Alianza kuondoa sahani moja moja, yeye mwenyewe, akiziweka juu ya kabati. Kisha akakunja kitambaa, mara mbili, mara nne, kwa uangalifu, akampa Vlasta kwa mikono miwili.

"Kichukue. Ni haki yako."

Wapo walioguswa, na mzee wa nyuma alivua kofia. Hakuna aliyeelewa kwa nini Vlasta alikasirika upya, tena vibaya zaidi.

"Haki yangu kwa lipi? Nikakitandike jikoni? Nikimwagie supu?" Alikirudisha mezani. "Mnataka niondoke nacho, halafu kesho huyu awaambie watu hapa palikuwa na giza, basi. Hapana, bibi. Kitakaa hapa hapa, mezani, chumba kizuri kuliko vyote, na jina lake juu yake. Leo. Watu hawa wakiwa wanaona."

Madamu Eleonora alikikunjua kitambaa mezani. "Řehoř," alisema bila kugeuza kichwa, "una kalamu?"

Mwalimu Pacák alikuwa na kalamu ya wino mfukoni, na mwandiko wake ulikuwa ukisifiwa wilaya nzima. Alikaa kwenye kiti cha karne ya kumi na tisa ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia, akageuza nyuma kadi ya Gräfin Sidonie, akaandika kile Vlasta alichomwambia. Otilie Vaňková, 1944 hadi 1994. Alishona kwa mkono mmoja.

"Umeandika kwa y," alisema Vlasta juu ya bega lake. "Ni Otilie, kwa i."

"Kuna njia mbili za kuliandika."

"Yake ilikuwa moja. Andika upya."

Akaandika upya.

Walipotoka uani Jarmila alinunua bia mbili na mikate midogo minne ya koláče yenye jamu ya plamu, akampeleka wifi yake kwenye benchi mbali na bendi. Watu walikuwa wakiwatazama na kunong'ona. Vlasta hakuweza kula. Alikunywa bia kwa pupa ikamwagikia koti.

"Umewapata," alisema Jarmila. "Kaka yangu angekubusu mbele za watu."

"Sijampata mtu. Doa bado lipo na maneno yake yapo."

"Lakini umefurahi kidogo."

"Sikufurahi. Ningetakiwa kusema miaka ishirini na minne iliyopita, pale getini. Nilirudi nyumbani kama mbwa aliyepigwa kelele."

Habari haikuishia hapo, wala haikuishia vizuri kama watu wanavyopenda kuisimulia. Kadi ilibaki, kwa mwandiko ule ule wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe aliacha kuongoza msafara, akisema magoti yanamsumbua. Lakini kitabu kidogo kinachogawiwa mlangoni kiliendelea kusema miaka arobaini ya giza, na Septemba iliyofuata Vlasta akapanda kilima tena, bila kubembelezwa, akasimama ukumbini kando ya doa. Kila kundi lilipoingia aliliambia habari ya makaa. Kiongozi mpya alijaribu kumwomba asogee. Alimjibu kwamba leo ni siku ya wote, naye ni mmoja wa wote. Mwaka wa pili yake madamu Eleonora aliamuru awekewe kiti. Hakukikalia hadi saa tisa alasiri, na alipokikalia alikuwa na uso wa mtu aliyelazimishwa.

Wanawake hao wawili hawakuwa marafiki. Walisalimiana. Mara moja madamu alimwomba amwandikie majina ya wote waliokuwa wakiishi mle, yachongwe kwenye jiwe la kuwekwa ukutani bustanini, na Vlasta alidhani ni kazi ya jioni moja. Alikaa na daftari wiki nzima. Aliyapata sabini na tisa. Matano hayakuja. Alimpigia Jarmila simu mara mbili kwa siku kumwuliza mambo ambayo Jarmila hangeweza kuyajua, akamgombeza kwa kutoyajua.

Mwishowe alipanda basi hadi kwenye nyumba ya watawa alikokuwa akiishi Sista Kasilda, wa mwisho aliyesalia kati ya wale sita, mwenye miaka tisini na mmoja. Sista alikuwa kitandani. Alimtambua Vlasta kwa sauti, akaitisha kahawa, na akiwa amefumba macho aliyataja majina manne kati ya matano, moja baada ya jingine, na tabia zao.

"Na yule tuliyekuwa tukimwita Bibi Harusi?" aliuliza Vlasta. "Aliyekuwa akijifunika pazia kichwani. Kitanda cha mlangoni."

Sista Kasilda alifumbua macho. "Bibi Harusi," alisema. "Alikuwa akipenda maganda ya mkate. Jina silijui, binti yangu. Tulimwita hivyo tu."

"Mlikuwa na karatasi zake."

"Karatasi alikuwa nazo mkurugenzi. Nawe ulikuwa na nambari yake, hukuiuliza jina."

Vlasta alirudi kwa basi la saa kumi. Nambari ya Bibi Harusi ilikuwa sitini na moja. Hilo alilikumbuka bila shida. Miaka thelathini alimfulia magauni, akamshonea uzi mwekundu shingoni mwa kila moja, na kila Jumamosi akamtoa pazia kichwani kwa nguvu ili lifuliwe, naye akilia kama anayenyang'anywa mtoto. Aliwakasirikia Kestenrod njia nzima hadi daraja la Bralovice, akamkasirikia Pacák, akamkasirikia mkurugenzi wa wilaya aliyekwisha kufa zamani. Aliposhuka kituoni hasira zilikuwa zimebakia za mtu mmoja, naye alikuwa ndani ya koti lake la kijivu.

Ameandika barua mbili kwenye ofisi ya kumbukumbu ya mkoa. Ya kwanza ilijibiwa kwamba mafaili ya nyumba ile yanatafutwa. Ya pili bado. Jiwe halijachongwa, kwa sababu amekataa lichongwe na majina themanini na matatu, na madamu Eleonora, ambaye angeweza kulichongesha bila kumwuliza, anangoja.